Kwenye Kompyuta Wewe Ndiye Uliyekufa

Lusahunga, Biharamulo
Jumanne, baada ya kazi

Kaka yangu Patrisi,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama utaikunja kabla hujafika nusu, nakujua. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mvua imeshika huko Keza au bado inatania? Maharage mmepanda, au mngali mnabishana na jirani habari za mpaka? Na wifi yangu Oliva, anakula sasa? Mara ya mwisho niliambiwa hataki kula, anakaa tu jikoni anautazama moto. Mimi mdogo wako mwili ni mzima. Zaidi ya mwili sisemi, kwa sababu sitaki kuanza barua kwa uongo. Uongo umeshatutosha kwetu.

Anayekuletea ni Musa, dereva wa lori la maji, yule mrefu mwenye mwanya. Mpe chakula ashibe, lakini pombe ya ndizi usimpe, ana safari ya kurudi. Sikuipitisha barua ofisini kwa sababu barua za ofisini zinafunguliwa. Wanasema ni kwa usalama wetu. Hapa kila kitu ni kwa usalama wetu. Seng'enge ni kwa usalama wetu, geti linafungwa kwa usalama wetu, na nikitaka kwenda sokoni kununua sabuni lazima Meneja atie saini, eti usalama.

Najua utasema, Vene naye anajifanya yuko Ulaya, Biharamulo si hapo tu! Kwa ramani ni hapo tu. Lakini tangu majambazi waanze kuteka magari msituni, hakuna gari linalopita bila kusindikizwa na polisi, na siku za msafara wanazijua wao. Vyeti vyangu vya shule vimefungiwa kwenye kabati la Meneja tangu nilipoajiriwa. Nikitoroka bila vyeti niende wapi, nirudi kupalilia? Wakimbizi kule kambini hawatoki bila kibali, nami niliye kwenye nchi yangu vilevile. Tofauti ni kwamba wao wako wengi wanaliliana. Mimi nina chumba cha bati, na jenereta linalonguruma nje mpaka masikio yanaota sugu.

Sasa tulia nikueleze, maana ya huko unayajua wewe, lakini ya huku huyajui.

Kazi yangu sijawahi kukueleza ukaelewa. Mama huwaambia watu napiga chapa. Si kupiga chapa, kaka. Kampuni inatengeneza barabara za kambini na kusaga kokoto, huku Biharamulo na huko kwetu Ngara. Mtu akiumia kazini, nyapara anajaza karatasi au anasema kwa redio ya upepo, mimi naingiza kwenye kompyuta: jina, mahali, mashine, kiungo kilichoumia, ilikuwaje. Kila ajali mstari wake. Halafu wakubwa wakitaka kujua jambo, wananiambia, Vene hebu tafuta, naandika neno, kompyuta inaniletea mistari yote yenye neno hilo. Basi. Ndiyo kazi iliyonifanya niwe wa kwanza duniani kukulilia wewe.

Ndiyo, wewe. Hujawahi kuniuliza siku ile ilikuwaje upande wangu, nami sikupata nafasi ya kusema. Redio iliita kutoka Kasulo, huko kwetu Ngara. Sauti ya nyapara ilikuwa inakatikakatika, akaniambia Vene andika. Jina, akalitaja lako. Jina la baba yetu likafuata. Mahali, Kasulo. Mashine ya kokoto. Mkono, bega, shingo. Amefariki. Nami mikono yangu imeshazoea, kaka, iliandika yenyewe mpaka mwisho, ndipo nikasoma nilichoandika. Wanasema nililia mpaka walinzi wakaja mbio na marungu wakidhani tumevamiwa.

Msafara ulikuwa umeshaondoka. Nikaambiwa nisubiri mwingine. Unajua ni adha gani kufungiwa na maiti usiyoiona? Nilikaa kwenye kile chumba nikiwaza, sasa nani atamwambia Mama, nani atalipa heshima ya mwisho, na mimi kaka yangu mkubwa aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikaenda shule, nimeshamwandika kwenye mashine kama gunia. Gari lilipopatikana nilifika mmeshazika.

Nikashuka kile kijia cha migombani, nikakuona. Umesimama karibu na jiko, jembe mkononi lina udongo mbichi, uko mzima, mrefu kama siku zote. Kaka, nilicheka! Nilicheka msibani, mbele ya watu, nikakurukia shingoni nikipiga kelele, "Patrisi uko hai! Patrisi uko hai!" Nikaona mbona hakuna anayecheka nami. Nikamtazama Mama, nikamtazama Shangazi, nikawatazama mmoja mmoja, ndipo nikaona asiyekuwepo. Oliva alikuwa amekaa chini, kitambaa cha ujane kichwani. Fideli wetu, kitinda mimba wetu, ambaye hata ndevu zilikuwa zinamwota kwa kubembelezwa.

Furaha ile Mungu anisamehe. Mpaka leo inanichoma.

Kisha ukanishika mkono ukaniingiza migombani, nyuma ya kaburi. Nakuandikia maneno yako kama ulivyoyasema, ili usije ukasema naongeza chumvi.

"Vene, marehemu alikufa kwa tumbo."

"Tumbo gani, kaka? Mimi mwenyewe nimeandika mkono, bega, shingo."

"Kwa tumbo! Ndivyo tulivyomwambia padre. Na wa kampuni walipokuja kuuliza nilitoka nikasimama mbele yao. Nikawaambia Patrisi ni mimi, mnaniona, na hapa kwetu hakuna mtu wa kampuni aliyekufa."

"Uliwaambia hivyo? Mwili ungali ndani?"

"Ulitaka nifanyeje?" Ukageuka kutazama kama kuna anayetusikia. "Unajua nyumba ngapi hapa Keza ndugu wawili wanakula kwa kadi moja? Mugoma je? Kasulo kwenyewe? Wakijua kwamba Fideli alikuwa kwenye kadi yangu, watakusanya kadi zote. Watu watatuchomea nyumba, Vene. Aliyekufa amekufa. Funga mdomo."

Nikaufunga. Nani kwetu asiyejua habari ya kadi? Kadi ya kibarua inatolewa moja kwa nyumba, na shamba haliwezi kungoja, basi ndugu wanapokezana, mmoja shambani, mwingine kwenye kokoto, wiki hii wewe, wiki ijayo yeye. Sisi tukazidisha ujanja, Mama akaishona kadi kifuani mwa koti, lile koti lako la mtumba, ili isipotee. Anayevaa koti ndiye Patrisi wa siku hiyo. Tulicheka sana Mama alipoishona. Fideli akalivaa, mikono ikamning'inia kupita vidole, akazunguka uani anakuiga unavyotembea na kifua mbele. "Mnisalimie kwa heshima, mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii!" Na wewe ukamrushia gunzi.

Basi nikarudi huku na mdomo wangu umefungwa. Nilidhani yameisha.

Wiki iliyopita Meneja aliniita. Si mtu mkali, hata sukari hutugawia, na alipoambiwa nimefiwa alinipa pole mpaka akatoa leso. Akaniambia wageni wanakuja Jumatatu hii inayokuja, hao wanaotoa fedha za barabara. Watakaa kwenye kompyuta yangu waangalie kumbukumbu za ajali, wakiridhika ile mashine ya Kasulo itawashwa tena, maana tangu siku ile imesimama. "Kwa hiyo Vene, nisafishie. Ondoa makosa, ondoa yaliyoandikwa mara mbili. Anza na kaka yako."

"Kaka yangu?"

"Si ulirudi ukaniambia mwenyewe kaka yako mkubwa yu hai? Nami nimemwona kwa macho yangu pale sokoni Kasulo, anabishana bei ya chumvi. Maiti gani anayebishana bei ya chumvi? Nyapara alichanganyikiwa, mtu alijeruhiwa tu akakimbilia kwao. Pole kwa msiba wa mdogo wako aliyekufa kwa tumbo, lakini huu mstari wa kifo ni uongo. Futa."

Nikatoka nje nikaegemea tangi la maji. Umeelewa, kaka? Wewe kwenye kompyuta ulikuwa umekufa, na kwa kuwa u hai, kifo kinafutwa. Na Fideli kwenye kompyuta hajawahi kuwepo. Nilishamtafuta. Niliandika jina lake, nikaliandika na la baba, nikaliandika hata lile la utani wa nyumbani, ule upuuzi wa mtu aliyefiwa. Kompyuta ikajibu hakuna. Haijui kama alizaliwa. Ukishafutwa wewe, mdogo wetu hakufia popote.

Sikufuta siku ile. Nilimwambia Meneja kusafisha kunahitaji nafasi, ni lazima nitafute kwanza. Na kusema kweli nilitaka kutafuta. Kuna swali lililokuwa linanila, na nadhani ni lilelile linalokula wewe, maana nakujua, hukuogopa kadi za Keza tu. Oliva aliniambia. Wiki ile ilikuwa zamu yako. Ulikuwa umetoka kwenye harusi ya Mugoma, kichwa kinauma, ukamwamsha mdogo wako ukamwambia vaa wewe leo. Akavaa koti lisilomtosha. Mkanda wa mashine ukashika mkono wa koti.

Sikukuandikia niseme hayo kwa hukumu. Soma mbele.

Kutafuta kuna maarifa yake, kaka, si kubonyeza tu. Kompyuta hujibu ulichouliza, haijali ulichotaka kujua. Niliandika "krasha", ikaniletea mistari michache tu, nikasema kumbe mashine ni ya upole! Halafu nikakumbuka kwamba anayeandika krasha ni nyapara mmoja tu, yule aliyesomea ufundi. Wa Kasulo huandika mashine ya kokoto. Wa huku Biharamulo huandika kinu cha mawe. Na yule mzee wa zamu ya mchana, Mungu amweke, yeye huandika "ile mashine", basi, kila mtu ajue mwenyewe. Nikayatafuta yote, moja moja, na nikawa naandika kipande cha neno badala ya neno zima, ili lolote linaloanza hivyo lije. Mistari ikaongezeka.

Lakini bado nilikuwa natafuta kwa jina la kitu, na majina ya vitu ni kama majina ya watu, kila mtu ana lake. Nikaliacha jina la mashine kabisa. Nikauliza kilichotokea. Nikaandika "mkanda". Nikaandika "kunaswa". Kisha nikakaa, nikashindwa, nikanywa maji, nikarudi nikaandika "koti".

Patrisi, kioo kilijaa mpaka chini, nikashusha, kikajaa tena.

Mkono wa koti umenaswa na mkanda, kidole. Koti limevutwa, kiwiko. Koti, bega. Nyingi ni za asubuhi, na wewe unajua asubuhi za kwetu, ukungu na baridi, nani atavua koti? Nikatazama mahali. Huko nyuma, zote zilikuwa za huku Biharamulo, Ngara hakuna hata moja. Halafu ghafla huku zinakoma, zinaanza Kasulo. Nikamuuliza Musa, hivi ile mashine ya Kasulo ilitoka wapi? Akasema si ndiyo hii iliyokuwa hapa, mimi mwenyewe nilikuwepo ikipakiwa kwenye lori. Ajali zilipanda lori pamoja na mashine! Ila kwa kuwa kila mahali panaandikwa peke yake, Kasulo inaonekana ina ajali chache, na Biharamulo inaonekana imetulia, na hakuna aliyewahi kuzisoma pamoja. Musa akaniambia na jingine. Huku ilikuwa na bati la kuukinga mkanda. Walilifungua ili mawe yakikwama wayachomoe upesi, na siku ya kupakia wakaliacha. Liko hapa nyuma ya karakana. Nimekwenda kuliona, kuku wanatagia chini yake.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nishike kalamu. Wale watu wote wa Biharamulo walioshikwa makoti, walikuwa kwenye makoti yao wenyewe. Huku vibarua walikuwa na kadi ya kila mtu, hakukuwa na kupokezana. Makoti yaliwatosha. Waliamka kwenye zamu zao halali, hawakutumwa na kaka mwenye kichwa kinachouma. Na mashine ikawashika vilevile. Si koti lako lililomuua Fideli, na si harusi ya Mugoma. Ungekwenda wewe siku ile, mimi ningekuwa nimelia mara moja tu, kwa mtu sahihi, na Mama angekuwa na kaburi lilelile. Acha kujila. Nimetafuta kwa kila neno ninalolijua na sikukuona popote ukiwa na kosa hilo.

Ee, nililia tena hapo. Machozi yangu nayo yamekosa adabu siku hizi.

Nikamwendea Meneja nikamwambia mzee, ajali za mkanda ni nyingi mno. Akaja, akasoma begani kwangu. Akacheka. Akaniwekea kidole kwenye kioo. "Ona huyu wa Mugoma. Kidole cha shahada, mkono wa kulia, kimekatika. Na huyuhuyu tena, mwezi mwingine, kidole cha shahada mkono wa kulia kimekatika. Kimeota? Umeandika mara mbili, Vene. Ona na huyu. Na huyu. Za Kasulo nusu nzima ni marudio. Futa marudio, utaona zinabaki za kawaida tu. Nami Jumapili jioni nitakaa hapa hapa tuzipitie pamoja."

Mimi nawajua wale wa Mugoma, kaka. Wewe pia unawajua. Ni ndugu wawili, kadi moja, na kila mmoja ana mkono wa kulia usio na kidole cha shahada. Wanapeana salamu kwa mkono wa kushoto na kucheka. Si marudio, ni watu! Lakini nimwambieje Meneja kwamba si marudio bila kumwambia habari ya kadi? Nikisema, ninawauza watu wa kwetu wote, watanyang'anywa kadi, na mimi nitakuwa yule msichana aliyesomeshwa na kijiji akakila kijiji. Nikinyamaza, nafuta vidole vya watu, namfuta Fideli, Jumatatu wageni wanasoma karatasi safi wanasema vizuri, mashine inawashwa, mkanda uko wazi, na asubuhi kuna baridi. Yule atakayevaa koti siku ya kwanza nani? Huenda akawa mmoja wa wale wawili. Huenda ukawa wewe, maana najua Mama ameshakuambia ukaombe kazi upya.

Nimebanwa, kaka. Nimebanwa mpaka usingizini naota nimekaa kwenye kile kiti. Siwezi kuondoka, vyeti viko kabatini. Siwezi kubaki nisifute. Siwezi kufuta. Nimesali rozari mpaka kidole gumba kimechubuka, na sikupata jibu ila hili moja, kwamba siri za watu wa Mugoma ni za watu wa Mugoma, sina haki nazo. Lakini ya kwetu ni ya kwetu. Ya Fideli ninayo haki.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha mpaka kifo chenyewe.

Basi leo asubuhi, Meneja alipokwenda kunywa chai, nilifungua mstari ule. Sikuufuta. Niliondoa jina lako, nikaandika la Fideli, na la baba. Mengine yote nimeyaacha kama nyapara alivyoyasema, mkono, bega, shingo. Mwishoni, penye nafasi ya maelezo, nikaongeza: mkanda hauna kinga, kinga iko karakana Lusahunga. Yale anayoyaita marudio sikuyagusa. Akitaka kuyafuta afute kwa mkono wake mwenyewe, wangu haupo.

Kwa hiyo tangu leo wewe u hai, kaka, hata kwenye kompyuta. Na mdogo wetu amekufa alipofia.

Jumapili jioni Meneja ataona. Ataniuliza Fideli ni nani, hana kadi, hana jina popote, alikuwa anafanya nini kwenye mashine yetu? Nitamjibu ukweli wa nyumbani kwetu tu, sitamtaja mtu mwingine. Lakini mimi sikuwepo Kasulo. Nitakuwa msichana wa ofisini anayelilia ndugu yake, na mtu wa namna hiyo hasikilizwi, anapewa leso. Anayeweza kusimama mbele ya wageni akasema koti lilikuwa langu na aliyelivaa ni mdogo wangu, ni mmoja. Musa anarudi Jumapili na msafara wa asubuhi. Ameniahidi atapita hapo barabarani, nafasi ya mbele anakuwekea. Usipoonekana atasubiri kidogo kisha ataondoka, na Jumatatu nitakuwa peke yangu na Meneja na wageni.

Najua unachoogopa. Watakusimamisha kazi, pengine watakupeleka polisi kwa udanganyifu wa kadi, na wa Keza watakununia kanisani. Mimi nami nitafukuzwa, hilo nimeshalihesabu, na vyeti nitavidai nikiwa nje ya geti. Sikuahidii kwamba itakuwa rahisi. Nakuomba tu. Ukiona huwezi, usije, na sitakusema kwa mtu, nitaendelea kukuita kaka na kukuamkia. Lakini jina lake sitalitoa. Hata wakitaka nilitoe, hilo halitoki kwa mkono wangu.

Msalimie sana Mama, mwambie dawa ya magoti anayo Musa kwenye mfuko wa rambo, apake akishaoga, asiipake na kwenda bondeni. Msalimie Shangazi, mlezi wetu sote, na umwambie aache kuwaambia watu tumbo, atashindwa kuungama Pasaka. Wasalimie wale ndugu wawili wa Mugoma, wape mkono wa kushoto. Oliva msomee barua hii yote, hata pale pa harusi, anapajua. Mwambie mume wake ameandikwa.

Nimemaliza. Jenereta linazimwa.

Wa kampuni wakigundua mapema wakatangulia kufika kwako kabla Musa hajakupitia, wakakuonyesha karatasi yenye jina la Fideli, wakakuuliza huyu unamjua, kaka yangu, safari hii sema unamjua.

Dada yako, ndiye pekee uliyebaki naye,
Veneranda